Kuku Wawili Ndani ya Neno Moja

(Hii ni hotuba niliyowapa wanafunzi wapya wa isimu kompyuta, yaani kazi ya kuifanya kompyuta ishughulikie lugha, siku ya kuwapokea. Wengi hamkuwepo na mmeniomba, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema. Slaidi nimeziacha, hata siku yenyewe waliokaa nyuma hawakuziona.)

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu wapya, na wewe uliyeingia ukumbi huu kwa kupotea njia, karibuni wote. Naanza na kaswali kadogo. Neno "hakukukuta" lina kuku wangapi?

Chekeni tu. Mimi jibu la swali hilo nimewahi kulisoma kwenye ripoti ya mwanafunzi wa uzamili, na jibu lilikuwa wawili.

Dada huyo alitokea upande wa kompyuta, mwepesi wa kichwa kweli kweli, anaandika programu za Python kama mtu anayepiga soga. Nikampa kazi ndogo ya kunyoosha viungo, ahesabu majina ya wanyama kwenye rundo la hadithi za watoto. Akaandika programu inayotafuta herufi k-u-k-u popote zilipofuatana. Kesho yake huyo kaja na jedwali safi, lina rangi na kila kitu, na kuku ndiye anaongoza. Kampita simba, kampita fisi, kampita sungura. Sungura jamani! Kwenye hadithi za watoto za Kiswahili sungura apitwe na kuku?

Nikamuuliza, hawa kuku umewaona? Akasema programu imewahesabu, mwalimu. Nikamwambia nimesikia, ila wewe, kwa macho yako, umewaona? Kimya.

Tukafungua faili wote wawili. Kuku wa kwanza alikuwa ndani ya "kukumbuka". Wa pili ndani ya "kukubali". Wa tatu "kukutana", wa nne "kukua", wa tano "hakukubali", na yule wa kweli mwenye manyoya tukamkuta mbele huko kalalia mayai yake hana habari. Halafu tukafika kwenye "alikuja jana hakukukuta", na hapo programu ilikuwa imehesabu mbili kwa sababu aliiruhusu herufi zipandiane, yaani kuku mmoja kamkalia mwenzake mgongoni.

Na programu ilikuwa sahihi! Iliambiwa tafuta k-u-k-u, ikatafuta, ikapata. Mkosaji ni aliyepokea namba bila kwenda kuangalia imetoka wapi.

Basi leo nimekuja na jambo moja tu na nitalizungusha mpaka mlichoke. Someni sentensi. Kabla ya modeli, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, soma sentensi. Baada ya modeli, soma sentensi. Msimamizi wako akikwambia hongera, matokeo mazuri sana, mshukuru halafu nenda kasome sentensi.

Turudi kwa kuku wetu. Tulilipasua lile neno ubaoni: ha- ya kukanusha, -ku- ya wakati uliopita kwenye ukanushi, -ku- nyingine ambayo ni wewe, halafu kuta. Naona waliotoka isimu wanatabasamu, wanasema hayo si tuliyasoma mwaka wa kwanza. Sawa, mliyasoma. Mmewahi kuyahesabu?

Hebu tuhesabu pamoja. Chukua kitenzi kimoja, "soma". Viambishi vya mtendaji, ukitoa vinavyofanana umbo, tuseme 14. Njeo, yaani viambishi vya wakati, tuchukue tano tu, tusijichoshe. Nafasi ya mtendwa weka 13, na uwezekano wa kuiacha wazi, inakuwa 14. Zidisha. Inakuja 980. Kitenzi kimoja! Na hapo hujagusa ukanushi, hujagusa ile -o ya urejeshi, hujagusa mnyambuliko. Ongeza kauli nne tu, someka, somea, somesha, somwa, unafika 4,900. Najua si zote zinasemeka, mwalimu wa sarufi pale mbele ameshakunja uso, lakini hata tukitupa nusu bado tuna mlima. Kiingereza, kitenzi chao cha kutembea kina maumbo manne, basi, biashara imefungwa.

Sasa mtu akikuletea mbinu iliyopikwa kwa ajili ya lugha ya maumbo manne akakwambia itumie hivi hivi, utaipokea tu? Kompyuta inayohesabu maneno kama yalivyoandikwa itaona "nilimsomea" mara moja na "hatujawasomea" mara moja na itaamini hayo ni maneno mawili yasiyojuana kabisa. Itasoma matini mengi na bado kila siku itakutana na maneno mageni, kumbe ni watu wa nyumba moja waliobadilisha nguo.

Ndiyo maana mimi huwa sishangai kwamba kazi kubwa ya mwanzo ya kuipa kompyuta sarufi ya Kiswahili ilifanyika Ufini. Ufini, ndiyo. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi pale Helsinki alitoa tasnifu ya mofolojia, yaani jinsi maneno yanavyoundwa, ya ngazi mbili, na Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho akaanza kuichukua njia ya namna hiyo kwa Kiswahili kuanzia 1985, kazi iliyokuja kuitwa SALAMA. Wazo lenyewe ni rahisi ukilisikia. Ngazi moja unaandika vipande kama vilivyo, ki- na -angu, ngazi ya pili unaandika kinachotamkwa, changu, na kanuni zinasimama katikati zikiangalia pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo mashine hiyo hiyo inaweza kuchambua neno na inaweza kulitunga. Na kwa nini Wafini? Kwa sababu Kifini nacho kinabandika viambishi, ila chenyewe kinabandika mkiani, sisi kwa kitenzi tunajaza zaidi kichwani. Walikuwa na maumivu kama yetu. Aliyezoea lugha ya maumbo manne asingeona hata kwamba kuna ugonjwa.

Wengine humu mnajiuliza, haya ya kanuni si yalishapitwa, mbona siku hizi kila kitu modeli? Nitafika huko. Kwanza niwaambie habari ya asilimia 97.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mwanafunzi, kijana mtaratibu sana, kazi yake ilikuwa kuifundisha modeli ipange habari ya gazeti kwenye fungu lake, michezo, siasa, biashara, afya. Modeli ikapatia asilimia 97. Nikafurahi, nikasaini sura ya nne, tukapanga tarehe ya utetezi. Zikiwa zimebaki wiki mbili nikaona aibu, maana mimi ndiye huwapigia kelele wengine na hii data sikuwahi kuifungua. Nikamwita nikamwambia chapisha habari 50 za kupimia, tukae tusome kama magazeti ya kawaida. Tulipofika ya sita akanyamaza, akasema mwalimu hii nimeshaiona. Wapi? Akatafuta. Ilikuwa kwenye data ya kufunzia, kichwa cha habari tofauti, mwili ule ule mpaka nukta. Shirika la habari linaandika mara moja, magazeti manne yanachapisha, na yeye alizichanganya zote kama karata akazigawa kwa bahati nasibu, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wameangukia pande zote mbili. Modeli ilikuwa inafanya mtihani iliokwisha kuuona majibu yake.

Tukaondoa nakala. Namba ikashuka mpaka 71.

Alilia, siwafichi. Na mimi nilikaa vibaya kwenye kile kiti manake saini ilikuwa yangu. Tulisogeza utetezi mbele, akaandika upya, na ile sura aliyoielezea namna alivyogundua nakala na namna alivyozisafisha ndiyo sura pekee ya tasnifu ile ambayo watu wengine wamekuja kuniomba. 71 iliyosomwa, au 97 isiyosomwa? Nyie mngechagua ipi?

Msidhani hayo ni ya wanafunzi. Taaluma yetu nzima ilianza kwa kosa la aina hiyo. Januari 1954, New York, watu wa Chuo Kikuu cha Georgetown na IBM waliwaonyesha waandishi wa habari mashine inayotafsiri Kirusi kwenda Kiingereza. Zaidi ya sentensi 60, ikazitoa zote! Wakubwa wakasema miaka mitatu mpaka mitano tafsiri itakuwa kazi ya mashine. Lakini mashine ile ilikuwa na maneno 250 na kanuni sita, na zile sentensi zilichaguliwa kabla, zile zinazoingia kwenye kanuni sita. Pesa zikamiminika. Mwaka 1966 ikaja ripoti ya ALPAC, kamati ya Marekani iliyopima kazi hiyo, ikasema kwa ufupi kwamba tulichokipata hakilingani na tulichotoa, na bomba likafungwa kwa miaka mingi. Mimi huwa nawaza, je, siku ile mwandishi mmoja angenyoosha mkono akasema samahani mzee, naomba niandike sentensi yangu mwenyewe?

Muwe yule mwandishi. Kila mkionyeshwa kitu kinachofanya kazi vizuri, ombeni kuandika sentensi yenu.

Haya, sasa nisemee watu ambao huwa hawasemewi, wanaoweka alama kwenye data. Mnajua kazi hiyo? Mtu anakaa anapewa sentensi elfu tatu, hii weka furaha, hii weka hasira, hii weka kawaida. Watu wanadhani ni kazi ya kubonyeza, mtu yeyote ataifanya. Tuliwahi kuwapa watu wawili maoni ya mitandaoni. Wa kwanza mwalimu mstaafu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Wa pili kijana wa mwaka wa pili. Ikaja sentensi "huyu jamaa ni hatari sana". Mzee akaweka hasi, tena akaandika pembeni kwamba pengine polisi waarifiwe. Kijana akaweka chanya. Ikaja "wimbo mkali", mzee hasi, kijana chanya. "Ameua", kuhusu mchezaji mpira, mzee alinipigia simu.

Nani alikosea? Nauliza kweli. Mimi zamani ningesema mzee, nikachukua alama za kijana nikaendelea. Siku hizi nasema hakuna aliyekosea, data imetuambia kwamba "hatari" ni maneno mawili yanayovaa shati moja, na inategemea nani anamwambia nani. Ukiufuta ule ubishi ili namba ipendeze umefuta matokeo yako ya utafiti.

Na hapo kwenye ubishi kuna mtego wa hesabu, nisikilizeni vizuri. Mwanafunzi ananiletea, mwalimu waweka alama wangu wamekubaliana asilimia 85! Namuuliza, "kawaida" iko kiasi gani? Ananiambia mafungu ni mawili tu, na kila mmoja ameweka kawaida kwenye 90 kati ya 100. Sasa fikiria wote wawili wamesinzia, wanabonyeza tu kwa uwiano huo. Watakutana kwenye kawaida 0.9 mara 0.9, ni 0.81, na watakutana kwenye ile nyingine 0.1 mara 0.1, ni 0.01. Jumla 0.82. Watu waliosinzia wanakubaliana asilimia 82! Jacob Cohen aliliona hili mwaka 1960 akatupa kipimo cha kapa. Toa makubaliano ya kubahatisha, gawanya kwa nafasi iliyobaki. 0.85 toa 0.82 ni 0.03, gawanya kwa 0.18, unapata 0.17 hivi. Yaani ile 85 tamu, ukiikamua, karibu yote maji. Sisemi watu wako ni wavivu, nasema inawezekana maelekezo uliyowapa hayaeleweki, au fungu ulilotunga halipo kwenye vichwa vya watu. Utajuaje? Haya semeni nyie.

(Hapa ukumbi ulijibu "soma sentensi", kwa uvivu kidogo lakini walijibu.)

Na walipwe. Na waandikwe majina kwenye makala kama wanataka. Hilo silijadili.

Sasa ufundishaji, na hapa naongea zaidi na walimu wenzangu. Darasa letu lina mapande mawili na kila mwaka ni yale yale. Kushoto wamekaa waliotoka isimu, wanaiogopa kompyuta kama nyoka, ukisema "kodi", yaani maandishi ya programu, wanafikiria ile inayolipwa serikalini. Kulia wamekaa waliotoka kompyuta, wanadhani sarufi ni adhabu ya shule ya msingi. Nilijaribu kwa miaka kuwafundisha wa kushoto programu kwanza na wa kulia fonolojia, elimu ya sauti za lugha, kwanza, na nilichopata ni kwamba wote wawili walilala, kwa zamu.

Kilichonisaidia ni Mrusi mmoja wa zamani. Mwaka 1913 Andrei Markov alichukua shairi refu la Pushkin, akaandika herufi 20,000 za mwanzo, akafuta nafasi na alama zote, akaanza kuhesabu kwa mkono. Irabu ikitoka, baada yake inakuja irabu au konsonanti? Kwa mkono, ndugu zangu! Akaonyesha kwamba herufi inayokuja inategemea iliyotangulia, na unaweza kuupima utegemezi huo. Mnyororo wa Markov alikuwa ameshautunga mwaka 1906, hapo ndipo akauleta kwenye lugha, na hizi modeli za leo zinazobashiri neno linalofuata ni vitukuu vya ile kazi.

Kwa hiyo siku ya kwanza sitaki laptopu mezani. Nagawa karatasi, herufi 200 za Kiswahili kwa kila meza, na kila meza lazima iwe na mtu wa kushoto na mtu wa kulia. Hesabuni. Dakika ya kumi zogo linaanza. Mtu wa kulia anasema "ng'ombe" ina konsonanti nne, zimefuatana mbili mbili, mtu wa kushoto anasema hapana hiyo ng' ni sauti moja na mb ni sauti moja. Mtu wa kulia anasema kompyuta inaona herufi. Mtu wa kushoto anasema basi kompyuta yako haijui Kiswahili. Na "m" ya "mtu" je, si inabeba silabi yake yenyewe? Wanagombana kweli! Mimi nasimama dirishani nanyamaza, na hiyo saa moja inanifanyia kazi ambayo mihadhara sita haikuwahi kunifanyia.

Nikaahidi nitafika kwenye modeli kubwa. Transfoma, siyo ile ya umeme bali muundo wa modeli kubwa za leo, ilitoka 2017, na tangu hapo kila semina kuna anayeniuliza, mwalimu, si mashine sasa inajua Kiswahili, sisi tunabaki na kazi gani?

Inaandika Kiswahili, na siku nyingine vizuri kuliko barua za ofisini. Lakini iangalie inavyokata maneno. Modeli hizi hazisomi neno zima, zinalikata vipande, na mahali pa kukata zimejifunza kutoka matini ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza. Kwa hiyo "hawatatuandikia" hukatwa vipande vingi, na mara nyingi kisu kinapita katikati ya mfupa badala ya kwenye kiungo. Vipande vingi maana yake mashine inafanya kazi zaidi, na pale malipo yanapohesabiwa kwa kipande, ujumbe ule ule ukiusema kwa Kiswahili unakula zaidi. Nani humu alikuwa anajua hilo? Watatu. Hao watatu wana mada ya tasnifu tayari.

Au chukua "yeye". Kiswahili hakijali yeye ni mwanamke au mwanaume. Peleka "yeye ni daktari, yeye ni muuguzi" kwenye mashine ya tafsiri kwenda lugha inayolazimisha jinsia, lazima ichague, na kwa miaka mashine hizi zimejulikana kwa kumfanya daktari mwanaume na muuguzi mwanamke. Sentensi yetu haikusema hivyo. Wanafunzi wangu wa mwaka jana walitunga sentensi za namna hiyo daftari zima, hakuna modeli waliyoifunza, hakuna umeme mwingi uliotumika, na ni kazi nzuri kuliko nyingi nilizosahihisha.

Tena msitishwe na ufasaha. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa programu inaitwa ELIZA, haijui chochote, inachukua maneno yako inakurudishia kama swali. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi yote ile, alianza kuongea nayo halafu akamwomba bosi atoke chumbani. Binadamu ndivyo tulivyo, kitu kikitujibu tunakiwekea moyo ndani.

La mwisho ni donge langu, niacheni nilitoe. Tumewahi kupeleka makala kwenye mkutano mmoja mkubwa, kazi ya miaka miwili ya mofolojia ya Kiswahili, msomaji mmoja aliyepewa kuikagua akaandika mstari mmoja, kwamba haijulikani kama matokeo haya yanafaa nje ya Kiswahili, kwa nini hamkujaribu Kiingereza. Siku hiyo hiyo mkutano huo huo umepokea makala kibao zilizofanywa kwa Kiingereza peke yake na hata hazikutaja ni lugha gani, zinasema tu "lugha". Emily Bender wa Chuo Kikuu cha Washington amelipigia kelele hili miaka mingi, taja jina la lugha unayoifanyia kazi, hata kama ni Kiingereza. Kwa hiyo kwenye kozi yangu ni sheria. Ukiniandikia "modeli yetu inaelewa lugha", nakata alama mbili. Lugha gani?

Kazi ya Jumatatu hii hapa, muiandike. Sentensi 100 za Kiswahili zilizoandikwa na watu, siyo na mashine, uzisome zote kwa sauti na mwenzako aliyetoka upande mwingine wa darasa. Kila mnapobishana weka alama ya kalamu nyekundu. Sitaki programu, sitaki grafu, nataka zile alama nyekundu na mstari mmoja chini ya kila moja unaosema mlibishana nini. Na yule atakayenipatia "hakukukuta" ya kweli, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuhudhuria hotuba hii, aniletee ofisini mkononi.